Pua ya Kuazima

Soli hakuwa mtu wa kukuangalia usoni. Ukiingia kwake, macho yake yalishuka moja kwa moja miguuni, na kabla hujapata pa kukaa alikuwa ameshajua unakanyagia upande gani, unaburuza mguu upi, na kama viatu ni vyako au umeviazima kwa ndugu yako. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahauliwa hata na majirani waliocheza kwenye harusi yake. Alikuwa fundi viatu, watu wakamwita Soli, akaitika, yakaisha.

Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlikuwa na benchi la wateja, kigoda chake kilicholika katikati kwa kukaliwa, chuma chenye umbo la mguu ambacho juu yake viatu vya mtaa mzima vilishapigwa nyundo, na dirisha moja la kuangalia barabarani. Dirisha hilo hakupenda lifunguliwe, kwa sababu vumbi likitua kwenye gundi mbichi kiatu hakishiki. Upande wa ndani lilining'inia pazia la maua. Nyuma ya pazia ndipo palipokuwa na kitanda cha binti yake wa pekee na meza yake ya kusomea, na chini ya kitanda vilipangwa viatu vilivyotoka kugundishwa, maana huko vumbi halikufika. Soli aliona amepanga vizuri sana.

Gundi ya viatu haitaki pupa. Unaipaka kwenye soli, unaipaka na kwenye kiatu, halafu unaviacha kila kimoja kivyake. Ukibandika ikiwa bado mbichi, kiatu kitaachama mdomo kwenye mvua ya kwanza. Ukichelewa, imekufa, anza upya. Mafundi wengine huigusa kwa mgongo wa kidole: ikivuta ngozi bila kuchafua, ipo tayari. Wengine huinusa, maana ile harufu inayopanda mpaka utosini hupungua kadiri inavyokauka. Soli kunusa hakuweza. Miaka ya kuinamia kopo ilikuwa imeiua pua yake kabisa, naye jambo hilo alilifanyia mzaha. "Pua yangu imestaafu kabla yangu," alisema. Chakula kikiungua jikoni, watu wote walitoka nje wakikohoa, yeye akabaki kwenye kigoda akiuliza kuna nini.

Kugusa, je? Ukimuuliza alikuonyesha viganja vyake, vigumu kama magome. "Mikono hii haisikii kitu, ndugu yangu." Hapo alikuwa anakudanganya. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa kivivu, wa kumfurahisha mteja, kwa sababu migongo ya vidole vyake ilikuwa laini kama ya mtu mwingine yeyote. Ila alishaupata ufundi mwingine uliompendeza zaidi.

Binti yake alipokuwa bado mdogo, hajampita urefu baba yake aliyekaa kigodani, alizoea kusimama pembeni akimwangalia anavyopaka. Siku moja akainamia kiatu, akarudi nyuma amekunja pua. "Kinanuka sana, baba." Baada ya muda akakiinamia tena. "Sasa hakinuki sana." Soli akabandika kwa majaribio tu, na kiatu kikashika kama kilizaliwa hivyo. Tangu siku hiyo akampa mtoto jina la Kifundi, na pamoja na jina akampa kazi.

"Kifundi, vipi?"

"Bado, baba."

Nyundo mbili tatu kwenye kiatu kingine. "Kifundi, vipi sasa?"

"Tayari!"

Wateja walivunjika mbavu. "Fundi, mashine hii umeitoa wapi?" Soli akajibu kwamba ameizaa mwenyewe, na wakacheka tena. Kusema kweli, hakuna kitu kilichompa raha duniani kama sauti ile ndogo ikisema tayari, na yeye akitii kama mtumwa.

Mkewe alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Siku moja mashine za huko ziliharibika, akarudi mapema, akamkuta mtoto ameinamia soli ya buti kana kwamba anabusu. Hakupiga kelele. Alimshika mtoto mkono, akampeleka nje, akarudi peke yake.

"Baba Kifundi, huyu mtoto si kipimo. Kitu hiki wewe kimekuua pua. Yeye kitamuua nini?"

"Haki ya Mungu, basi," akasema Soli. "Hutaona tena."

Na kweli mkewe hakuona tena. Soli alikishika kiapo mpaka kiatu cha mwalimu mmoja kilipoachia katikati ya barabara, mwalimu akafika dukani mguu mmoja peku, wanafunzi wake wakimcheka kwa mbali. Soli akaona aibu. Jioni ile akashusha sauti: "Kifundi, njoo mara moja. Mama asijue."

Hivyo ndivyo alivyomfundisha jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Kabla mama hajarudi, fungua dirisha. Nawa mikono na uso kwa sabuni. Suuza kinywa. Kaa na daftari, uonekane ulikuwa unasoma. Kifundi alijifunza haraka, maana alikuwa mtoto mwepesi, na mara nyingi mama alipoingia baba na binti walitazamana wakabana kicheko. Soli alidhani huo ndio upendo wa mzazi na mwanawe. Na upendo ulikuwepo, hilo haliwezi kukanushwa.

Miaka ikaenda. Kifundi akafika kumi na nne, akawa mrefu kuliko mama yake, akabadilika. Mwanzoni mabadiliko yalimfurahisha Soli, kwa sababu binti alitoka shule akaja moja kwa moja dukani kabla hata ya kuvua sare, akauliza, "Baba, kuna cha kugundisha?" Soli akajisifu kwa wateja kwamba vijana wa siku hizi wanaikimbia kazi, wa kwake anaikimbilia. Baadaye binti akaanza kusahau vitu. Alitumwa chumvi akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni hajui alitumwa nini. Kichwa kilimuuma kila asubuhi. Vipele vilimtoka pembeni mwa mdomo. Alikasirika kwa jambo dogo, halafu akacheka peke yake nyuma ya pazia. "Ni umri," alisema mkewe. "Ni umri," alisema Soli, na akashukuru kwamba neno hilo lipo.

Gundi nayo ikawa inaisha upesi. Soli alikwenda kumfokea muuza gundi kwamba anauza makopo nusu. Muuza gundi, mtu mpole, alifungua kopo jipya mbele yake, limejaa mpaka ukingoni. Soli aliondoka akinung'unika, hakuomba radhi.

Je, hakujua? Alijua kama mtu anavyojua kwamba jino lake limeoza: anatafunia upande wa pili.

Jumamosi moja mchana alitoka kumpelekea viatu mteja aliyekuwa mgonjwa. Aliporudi duka lilikuwa kimya. Akaita, hakuitikiwa. Akavuta pazia. Kifundi alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, kopo liko mapajani, macho wazi lakini hayamwoni mtu, midomo imebadilika rangi.

"Kifundi! Mwanangu!"

Binti akatabasamu. "Bado, baba," akasema, ulimi umekuwa mzito. "Bado." Kisha akaegemea upande, taratibu, akaanguka.

Aliyesikia ukelele wa Soli ni Dada Pindo, fundi cherehani wa upande wa pili wa barabara, mwanamke mnene mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi. Yeye ndiye aliyemwita mwenye gari, akambeba binti miguu huku baba akimbeba kichwa. Hospitali walimwekea hewa, wakamchoma sindano, wakamrudishia fahamu. Daktari aliwaita wazazi pembeni. Hakuwalaumu. Aliwaambia tu kwamba kitu kile huweza kusimamisha moyo wa mtu ghafla, hata wa kijana mwenye afya, na kwamba safari ijayo huenda wasiwahi. Mama Kifundi alikuwa bado amevaa aproni ya kazini. Soli aliitazama aproni ile muda wote, hakupata ujasiri wa kutazama juu yake.

Wakapelekwa kwa mshauri, mwanamke wa makamo asiye na haraka. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kimelika upande, na Soli alilishikilia jambo hilo kichwani kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Binti yenu si mhuni," mshauri alisema. "Kwa umri wake, kinachomsukuma kimeshakua, kinachomzuia bado kinakua. Kujizuia atajifunza, nitamsaidia, lakini lazima kwanza nijue ni kitu gani kinamwita. Alianzia wapi? Nani alimwonyesha?"

Mama akamgeukia binti. Binti akainama. Na Soli akasikia sauti ikimtoka, nyepesi kabisa:

"Ni marafiki, mshauri. Huko huko shuleni."

Hakumtazama binti yake usoni. Alitazama miguu, kama kawaida yake. Vidole vya Kifundi vilijikunja ndani ya ndala, vikajikunja sana, kisha vikalegea.

"Ndiyo," Kifundi akasema. "Marafiki."

"Nani?" mama akauliza. "Kicheko?"

Kicheko alikuwa rafiki mmoja tu aliyekuwa amebaki, binti wa nyumba ya pembeni mwa mtaa, asiyejua kuongea bila kucheka. Kifundi hakujibu. Mama akajua, au akadhani amejua.

"Basi tumtenge kwanza na hao," mshauri akasema. "Asikae peke yake, asizurure. Mzee, wewe unashinda nyumbani?"

"Nashinda dukani, mbele ya nyumba."

"Gundi itafungiwa?"

"Kabatini, kwa kufuli. Ufunguo nitatembea nao. Na nitapaka asubuhi tu, akiwa shule."

"Vizuri. Basi akitoka shule akae na wewe."

Soli akaitikia kwa kichwa. Alitoka pale amejipa moyo kwamba ameokoa nyumba. Kama angesema ukweli, mkewe angemwacha, na binti angebaki bila baba, na hilo lingemsaidia nani? Mtu akitaka kujisamehe, maneno hayampotei.

Mama Kifundi hakungoja. Siku iliyofuata alikwenda akasimama barabarani mbele ya nyumba ya kina Kicheko, akayamwaga yote, barabara nzima ikisikia. Alimwita Kicheko mvuta gundi, akamwita mharibu watoto wa wenzake. Kicheko alisimama nyuma ya mama yake, kwa mara ya kwanza bila kucheka. Kesho yake mama Kicheko aliingia dukani kwa Soli. Alikuwa na viatu vyake pale, vinasubiri soli mpya.

"Nipe viatu vyangu."

"Bado sijavigusa, mama. Vimeachia vyote viwili."

"Nipe hivyo hivyo vibovu." Akavivaa palepale, akaondoka navyo, soli zikimpiga kofi nyayo kila hatua mpaka alipokata kona. Soli alivisikia mpaka mwisho. Angeweza kumkimbilia. Alichukua nyundo akaendelea.

Kifundi akawa anatoka shule na kuja kukaa kwenye benchi la wateja, mkabala na baba yake, kama walivyoagizwa. Kopo lilikuwa kabatini. Viatu vilihamishwa kutoka chini ya kitanda. Soli alikuwa anashona tu mchana, na akajisifu moyoni kwamba ametimiza neno. Ila binti alikaa ameweka mikono chini ya mapaja, ameikalia, kama mtu anayezuia mnyama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Vidole vya miguu havikutulia. Mara nyingine alisimama ghafla akaenda kusimama dirishani, akabandika paji la uso kwenye kioo.

"Baba, niende nikakae kwa Dada Pindo?"

"Mshauri amesema ukae na mimi."

"Kidogo tu."

"Kifundi, tumekubaliana nini? Jikaze."

Na binti akarudi kwenye benchi akajikaza. Soli alimwonea huruma, akampa peremende, akamsimulia vichekesho vya wateja. Aliamini kabisa kwamba anasaidia.

Dada Pindo ndiye aliyekuja siku moja kuazima mkasi. Alivuka kizingiti, akasimama, akaziba pua kwa upindo wa kanga yake.

"Jamani Soli! Humu ndani mtu si atalewa bila kunywa! Mtoto anakaaje humu?"

"Gundi imefungiwa," Soli akasema. "Tangu asubuhi."

"Imefungiwa wapi? Iko ukutani, iko kwenye hilo shati lako, iko kwenye hiki kigoda! Wewe husikii?" Halafu akakumbuka, akashusha kanga. "Ah. Wewe husikii."

Alichukua mkasi akaondoka. Soli alibaki na sindano mkononi. Chumba kwake kilikuwa kama kilivyokuwa siku zote, hakina harufu yoyote, kisafi kama maji. Akamgeukia binti yake, na safari hii akamtazama usoni. Uso ulikuwa umekonda.

"Kifundi. Humu mnanuka?"

"Muda wote, baba."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza kweli. "Wewe ulisema mama asijue."

Soli alitaka kusema kwamba hilo lilikuwa zamani, kwamba lilikuwa neno la mzaha, kwamba alikuwa mtoto mdogo. Lakini mtoto alikuwa amelitunza neno lake kuliko yeye alivyotunza kiapo. Kwa mshauri hakuwa amedanganya kwa kuogopa kupigwa. Alimficha baba yake, kwa ufundi ule ule aliofundishwa na baba yake, ila safari hii dirisha alilofungua lilikuwa jina la Kicheko, alilolinyamazia.

"Na ile hamu," akauliza, "inakujia saa ngapi?"

Kifundi alifikiri. "Ukipiga nyundo mbili tatu halafu ukanyamaza. Najua ndiyo unataka kuniuliza."

"Siku hizi sikuulizi."

"Najua. Lakini nasikia."

Alimwambia avuke barabara, akakae kwa Dada Pindo mpaka atakapoitwa. Kisha akakaa. Saa ya mkewe kurudi ilipokaribia, mkono wake ulinyanyuka wenyewe kwenda kwenye komeo la dirisha, kama ulivyofanya miaka yote. Aliurudisha. Aliliacha dirisha limefungwa.

Mkewe aliingia, akarudi nyuma hatua moja. "Mungu wangu! Humu mmefanya nini?"

"Ndivyo kulivyo kila siku," Soli akasema. "Huwa tunafungua dirisha kabla hujaja. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Akamweleza yote. Kiapo, na namna kilivyovunjika. Sabuni. Daftari. Namna alivyosema marafiki kwa mshauri. Alitazamia makelele, alitazamia vitu virushwe, na angeshukuru. Mkewe alikaa kwenye benchi la wateja, akavua viatu vyake vya kazini, akaviweka kando vizuri kimoja karibu na kingine.

"Nilimtukana mtoto wa watu," akasema. "Nilimtukana mbele ya mama yake. Na wewe ulikuwa humu ndani, unanisikia."

"Nilikusikia."

"Utakwenda wewe. Peke yako. Mimi nitakwenda siku yangu."

Akaenda. Mama Kicheko alimfungulia, akamsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Soli alimwambia akimtazama machoni, na aligundua kwamba kuwatazama watu machoni ni kazi ngumu kuliko kushona buti la askari. Alipomaliza, mama Kicheko alitikisa kichwa.

"Nimekusikia, fundi. Lakini mkeo hakuyasemea humu mlangoni. Aliyasemea pale." Akanyoosha kidole barabarani. "Na wewe kayasemee pale pale."

Soli akashuka ngazi. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao, watoto wanacheza, fundi baiskeli amepinda juu ya gurudumu. Akasafisha koo. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Jamani, nisikilizeni! Binti yangu hakufundishwa gundi na Kicheko. Kicheko hana kosa lolote. Aliyemfundisha kunusa ni mimi, baba yake, tangu yuko mdogo. Wengi wenu mlikuwepo, mlicheka."

Fundi baiskeli alinyanyua kichwa. Hakuna aliyecheka sasa, isipokuwa mlevi mmoja, naye alinyamazishwa. Mama Kicheko alifunga mlango. Viatu vyake hakuvirudisha kwa Soli, vilikuja kutengenezwa na fundi wa mtaa mwingine.

Mshauri aliposikia hakumgombeza pia, na Soli alianza kuona kwamba watu wasiokugombeza ndio wanaokumaliza. Mshauri alibadilisha mpango wote. Gundi ikatoka nyumbani. Dada Pindo alimpa Soli kona ya kibaraza chake, nje kabisa, upepo unakopita, vumbi litue lisitue. Kigoda kilichomwa moto. Kuta zilisuguliwa na kupakwa rangi, pazia likafuliwa hotelini na mama mwenyewe. Kwa Kifundi mshauri alisema: hamu ikija usijifanye haipo. Mwambie mtu, kwa mdomo, halafu ingoje. Itapanda, itashuka.

"Kungoja najua," Kifundi alimwambia. "Nimefundishwa kungoja."

Haikuwa rahisi. Aliteleza mara moja, penye duka la rangi karibu na shule, akamwambia mama yake kabla mama hajamuuliza. Mama alilia, halafu akamwandalia chakula. Kicheko alirudi polepole. Kwanza alisalimia kwa mbali, baadaye akaingia, na siku moja Soli, kutoka ng'ambo ya barabara, akasikia kicheko chake kikitoka dirishani mwa nyumba yake, dirisha likiwa wazi. Aliacha kushona kwa muda. Hakujiona ana haki ya kufurahi, ila alifurahi.

Hadithi ingeishia hapo kama Soli angekuwa amepona na yeye. Kuna alasiri mteja mmoja alikuwa amesimama kibarazani akihimiza, ana safari, gari linamngoja. Soli alikuwa ameshapaka gundi soli zote mbili, ameziweka, amechukua kiatu kingine kukipiga nyundo. Kifundi alivuka barabara amemletea maji ya kunywa, akasimama pembeni upepo unakotokea, kama alivyoelekezwa. Soli alimwona kwa pembe ya jicho. Nyundo mbili tatu, halafu akanyamaza.

"Kifundi, vipi?"

Lilimtoka. Halikupitia kichwani kabisa, lilitoka mdomoni moja kwa moja kama lilivyotoka miaka yote. Cherehani ya Dada Pindo ikasimama. Mteja, ambaye hakujua lolote, akasubiri jibu pamoja na wengine.

Soli akainamisha macho miguuni mwa binti yake. Vidole vilijikunja ndani ya ndala. Vikabaki vimejikunja. Kifundi alivuta pumzi kwa mdomo, akatoa, akavuta tena. Kisha akainama, akaweka kikombe cha maji chini pale pale aliposimama, hakusogea hata hatua moja.

"Jaribu kwa kidole, baba."

Akageuka. Hakurudi nyumbani. Alikwenda upande wa kina Kicheko, kwanza akitembea, halafu akikimbia, na Soli alielewa kwamba anakwenda kumwambia mtu.

"Fundi, gari linaniacha," mteja akasema.

Soli aliweka nyundo chini. Alikunja kidole cha shahada, akakigusisha kwa mgongo kwenye gundi, taratibu. Ilivuta ngozi kidogo, haikuchafua. Ilikuwa tayari, na aliisikia vizuri kabisa.